Kikombe cha Nane

Kila Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, natia kidonge kimoja cha presha katika kikombe cha kahawa cha baba yangu. Baba alikufa miaka mitatu iliyopita.

Aliyekuwa na dawa mwanzo ni yeye. Mama ndiye aliyekuwa akimpa, asubuhi na jioni, na hakuna aliyewahi kumuandikia ratiba. Alipozikwa Baba, Mama naye akapimwa, akakutwa na presha na sukari. Akapewa vidonge viwili vya asubuhi na kimoja cha jioni, kidogo, cheupe, chenye mfuo katikati. Kufikia wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kusahau kulikuwa kumeanza. Alikuwa akitia chumvi kwenye wali mara mbili. Alikuwa akiniuliza habari za watu tuliokwisha kuwazika.

Muuguzi wa kliniki, kijana kutoka bara, alitupa kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kila siku na chumba chake. Mama alikishika, akakitikisa.

"Hichi ni cha kutilia ndoana," akasema. Hakukigusa tena.

Basi nikatumia ukuta. Nyumba yetu hapa kisiwani Amu ni ya zamani, na chumba cha ndani kina vidaka ukuta mzima, vile vishimo vya chokaa vilivyokuwa vikiwekwa sahani na mabakuli ya mapambo. Sahani ziliuzwa kabla sijazaliwa. Kuna safu moja ya vidaka saba iliyo sawa na kifua cha Mama. Nikaweka vikombe saba vya kahawa, kila kimoja na vidonge vya siku yake, kutoka Jumamosi karibu na mlango hadi Ijumaa karibu na dirisha. Mama hakuhitaji macho. Alikuwa akipitisha mkono ukutani, akihesabu kwa vidole, mpaka afike siku yake.

Mimi nakaa nyumba ya ng'ambo ya ujia. Nilikuwa nikija asubuhi na jioni, nachungulia vikombe, natia alama kwenye daftari. Baada ya wiki tano nilikaa nikalisoma daftari lote. Mtu anayesahau husahau ovyo ovyo, leo asubuhi, kesho jioni. Mama hakuwa hivyo. Alikuwa amekosa vidonge vitano, na vyote vitano vilikuwa vya Alhamisi jioni.

Kliniki ya presha ni Ijumaa asubuhi. Muuguzi alimfunga ule mkanda mkononi, akaupuliza, akaurudia mara ya pili.

"Mama, presha iko juu. Dawa unameza kweli?"

"Nameza kama kuku, mwanangu."

Mama alipokuwa akivaa viatu, muuguzi alinivuta pembeni. Akasema kwa presha kama ile, kiharusi hakibishi hodi. Akasema dozi isirukwe hata moja.

Nilimwambia Mama siku ileile, tukiwa tumekaa chini ya vile vikombe, kwamba amekuwa akisahau dawa ya Alhamisi.

"Sikusahau," akasema. "Hicho ni cha babako."

Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Usiku wa kuamkia Ijumaa waliotangulia huja kwenye nyumba zao kutazama kama wanakumbukwa. Hayo nayajua, nimelelewa nayo; kila Alhamisi magharibi Mama hufukiza udi na kusoma Yasini. Nililokuwa silijui ni lile la kidonge. Baba alianguka siku ya Alhamisi. Mama alikwenda kwenye hitima nyumba ya jirani, akakusudia kurudi mapema ampe dawa yake, maneno yakawa mengi. Aliporudi kikombe alichomwekea kilikuwa palepale na kidonge ndani yake, na Baba alikuwa sakafuni, mdomo umekwenda upande. Alifariki kabla ya alfajiri.

"Daktari hakusema ni kwa sababu ya kidonge kimoja," nikamwambia.

"Hakusema si hicho."

"Mama, maiti hana presha."

"Wewe umempima?"

Nilijaribu hila. Alhamisi iliyofuata nilitia kikombeni kidonge cha vitamini, cheupe vilevile, ili kile cha kweli nimpe Mama mkononi. Alikitoa, akakizungusha kati ya vidole viwili, akatafuta ule mfuo.

"Alipokuwa hai tulimnyima dawa," akasema. "Sasa yu kaburini mwampa peremende."

Ndipo nikaweka kikombe cha nane. Nilikitafuta kikombe cha Baba mwenyewe, chenye ufa wa rangi ya kahawa ukingoni, nikakiweka kidaka cha juu, juu ya kile cha Alhamisi. Ndani yake kidonge cha kweli. Nilimwambia Mama: hiki chake, hiki chako. Aligusa cha juu, akagusa cha chini, akasema, "Haya, sasa muna adabu."

Alhamisi ile alimeza cha kwake mbele yangu. Ijumaa baada ya alfajiri kile cha Baba kilikuwepo. Nikakitoa, nikakirudisha kwenye chupa. Mama hakuuliza kimekwenda wapi. Ikawa hivyo miezi saba. Presha ikashuka. Muuguzi akanisifu kwa ule ukuta wa vidaka, hata akaomba picha. Habari za kikombe cha nane sikumwambia.

Ijumaa iliyopita kikombe cha Baba kilikuwa kitupu.

Nilitia kidole, hakuna kitu. Nikamulika kwa simu sakafuni, chini ya mkeka, kwenye mikunjo ya shuka la Mama, ndani ya mto, mpaka kwenye sahani ya paka. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Mama ndiye aliyenifungulia.

"Mama, jana jioni ulimeza vingapi?"

"Kimoya. Changu."

"Na cha Baba?"

"Cha Baba ni chake. Waniuliza mimi?"

Nikampeleka kliniki haraka. Presha yake ilikuwa sawa na ya wiki iliyotangulia. Nilimuuliza muuguzi, kama jambo la kupita tu, mzee akimeza viwili kwa makosa huwaje. Akasema huenda presha ikaanguka, akazimia. Huenda pia kisionekane kitu mara ya kwanza. Njiani kurudi Mama alitembea bila kunishika mkono. Miaka mitatu sijamwona hivyo.

Leo ni Alhamisi. Nisipoweka cha Baba, Mama atamwachia cha kwake, kama zamani. Nikiweka, na ikiwa ni yeye aliyekimeza, nitakuwa nimempa sumu kwa mkono wangu. Nimemwambia nitalala hapa leo. Amesema nilale kwangu, nyumba hii usiku wa leo ina mwenyewe.

Alasiri imekwisha kuadhiniwa na kuswaliwa. Kidonge kiko kiganjani mwangu, na Mama ameshauliza mara mbili kama nimekwisha kuweka. Cha wiki iliyopita sijakiona mpaka sasa.