Ishara ya Ngumi

Hakuna mlinzi katika kampuni ile aliyekuwa na mikono mibaya kama ya Athanas Chacha. Kidole cha shahada kilikuwa kimepindia upande wa dole gumba, kucha mbili zilikwisha kufa, na baridi ya Januari ikiingia Doha alishindwa kufunga vifungo vya sare mpaka mwenzake Collins amsaidie. Usidhani alivunjwa na wezi. Mlinzi wa duka kubwa hakutani na wezi. Anakutana na wateja wanaompigia mluzi kama mbwa, naye anatabasamu kwa sababu ndivyo mkataba unavyosema. Athanas alivunjwa vidole na rafiki yake Oloo, kwa mpira wa besiboli.

Mchezo wenyewe waliupata Migori, shule ya msingi, kwa Mwalimu Virginia, mama mmoja mkali aliyeamini kuwa mtoto mtundu akipewa rungu la kupigia mpira na sheria za kulitumia ataacha kuwapiga wenzake. Alikosea kidogo. Athanas ni Mkuria, Oloo Mjaluo, Collins Mluhya, na kabla ya kupatana walitoana damu kwanza. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kutukanana, kisha kikawa ya urafiki. Oloo alirusha mpira kama mtu anayeufukuza nyumbani kwake, Collins alikuwa na rungu lisilokosa, na Athanas akachuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka. Mdakaji ndiye anayeamua. Kidole kimoja katikati ya mapaja, mpira uende moja kwa moja; viwili, upinde. Na walikuwa na ishara ya ngumi, waliyoibuni siku mvulana wa shule jirani alipomng'oa Collins jino. Ngumi maana yake: mpira usimpite mpigaji, umpige.

Wakala mmoja akawaleta wote watatu Doha, chumba kimoja, mtaa wa Industrial Area. Wakaikuta timu ya walinzi ikichezeshwa kindumbwendumbwe kila Ijumaa na mafundi na wahudumu wa hoteli. Waliingia, na vicheko vikakoma. Wapinzani waliotoka uwanjani wakijishika mbavu hawakuwa wakicheka tena, maana mpira wa Oloo ukikosa rungu haukosi mtu. Wakapanda hadi fainali. Bosi wao alifurahi, lakini alikuwa na onyo lake: atakayeshikwa na polisi kwa kupigana, basi la kampuni litampeleka uwanja wa ndege tu.

Silaha yao nyingine ilikuwa Kiswahili. Walipangiana mipango kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya Wafilipino, Wapakistani na Wanepali, na hakuna aliyeng'amua. Kiburi hicho ndicho kilichowaponza. Timu ya hoteli waliyokutana nayo fainali ilikuwa na mpigaji mmoja mweupe wa rangi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliyezungumza Kiarabu na mwamuzi. Wakamhesabu Mwarabu, wakaishia hapo. Yule bwana ni Zuberi, mtoto wa Tanga, na sijui nani alimwambia Athanas kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa Migori.

Fainali ilianza vizuri ikaharibika upesi. Collins aliposimama kupiga, mrushaji wa hoteli akamtupia mpira wa uso. Ulimpata shavuni, chini ya helmeti, kwa mlio wa mfupa wa supu unaopasuliwa kwa shoka. Collins alianguka kifudifudi. Walipomgeuza, jicho moja halikuonekana kwa uvimbe na damu ilikuwa ikimtoka puani na mdomoni, ikichanganyika na vumbi. Yule mrushaji hakusema hata pole. Alijifuta jasho kwa mkono wa shati, akaomba mpira mwingine.

Athanas aliona kiza. Miluzi yote ya dukani, matusi yote aliyoyameza akitabasamu, vilimpanda kooni kwa wakati mmoja. Zamu yao ya kurusha ilipofika, Zuberi akaja kusimama mbele yake na rungu, na Athanas akafunga ngumi katikati ya mapaja.

Oloo akatikisa kichwa.

Hakuwahi kumkatalia ishara tangu utoto. Athanas akaikaza ngumi. Oloo akatikisa tena.

"Oloo! Ya mbavu!" Athanas akapaza sauti, hatua moja tu kutoka sikio la Zuberi.

"Siwezi, Chacha! Nitaua mtu hapa, walai!"

"Hakuna mtu hufa na mbavu! Si umeona vile wamemfanya Collins? Dawa ya moto ni moto. Tupa!"

"Chacha, nakuomba."

"Tupa, ama usiniite ndugu tena!"

Hilo ndilo neno lililomshinda Oloo. Akatupa. Mpira ulikuja pale pale ulipoagizwa, mbavuni, lakini mbavu hazikuwepo. Zuberi aliyasikia yote, akajikunja kuzificha, akageuka na kuinama, na mpira ukamkuta nyuma ya sikio, pale helmeti ilipoishia. Alianguka bila kujikinga kwa mikono. Miguu yake ikapigapiga mchanga, kisha ikatulia.

Kilichofuata hakikuwa mchezo. Wachezaji wa hoteli walivamia na marungu, walinzi nao wakayaokota ya kwao. Mtu alimpiga Athanas teke la meno kabla hajavua barakoa ya chuma. Teke la pili lilimkuta ameshaivua, na mdomo ukajaa damu. Naye alimshika mmoja koo, akambamiza kwenye uzio mara mbili, akasikia kitu kikilia ndani ya bega la yule mtu, na haya yasemwe wazi: alifurahi. Katikati ya vurugu Oloo alikuwa amepiga magoti kando ya Zuberi, amevua shati lake na kulikandamiza penye jeraha. Rungu lilimshukia mgongoni. La pili likamshukia begani. Hakuinua mkono, alilia tu akiita jina la Yesu, mpaka polisi walipofika na kumtia pingu yeye, kwa sababu kila kidole uwanjani kilimwonyesha yeye.

Athanas aliachwa ampeleke Collins hospitali, na akiwa kwenye benchi pale ukumbini, kitambaa chenye damu mdomoni, ofisa wa polisi kijana akamsimamia. Majeruhi wa pili ameamka, alisema kwa Kiingereza, lakini kipigo kimemchanganya; anaelewa anachoulizwa, ila kinachomtoka ni Kiswahili kitupu. Je, wewe si Mkenya? Njoo ufasiri.

Ndipo Athanas alipojua yule mpigaji si Mwarabu. Akaingia.

Zuberi alikuwa amefungwa bendeji hadi kwenye nyusi, jicho moja jekundu kama nyanya. Lilimtambua Athanas papo hapo. Likamkazia.

"Mwulize ilikuwaje," ofisa akasema.

Zuberi alizungumza polepole, kwa lafudhi ya Tanga. "Yule kijana mrushaji muacheni. Hakutaka. Nimemsikia kwa masikio yangu akikataa, akiomba. Mimi nilidhani wananitisha tu, ndiyo maana sikutoka. Aliyetaka nipigwe ni huyu mdakaji, huyu aliyesimama hapa."

Hapo ndipo Athanas Chacha, aliyezoea kuamua mpira uende wapi, alipotakiwa kuamua. Nusu ya maneno yale ilitosha kumtoa Oloo. Nusu ya pili ilitosha kumpandisha yeye ndege. Na nani angejua? Alilamba damu mdomoni, akasema kwa Kiingereza kizuri cha kazini, "Anasema mrushaji hakukusudia. Anaomba aachiwe."

Ofisa akashusha pumzi. "Basi ajali," akasema, akaanza kuirudisha simu yake mfukoni.

Zuberi alikielewa Kiingereza kile. Ulimi ndio uliokuwa umemgomea, akili yake ilikuwa nzima. Akamtazama Athanas bila hasira, na hilo lilimuuma kuliko yale mateke.

"Malizia," akamwambia.

Athanas akajifuta damu kwa kitambaa.

"Malizia, ndugu yangu. Umeanza vizuri."

Ofisa alikuwa mlangoni. Athanas akamwita arudi, akayamalizia, neno kwa neno, na alipofika kwenye mdakaji akagonga kifua chake mwenyewe ili pasibaki shaka. Ofisa akanyoosha mkono, akadai kitambulisho.

Adhuhuri ya siku ya pili, Oloo aliachiwa. Walipishana kwenye korido ya kituo, Oloo akitoka bado hana shati, mgongo umevimba michirizi ya zambarau, Athanas akiingizwa na pingu. Askari wakasimama kidogo kusaini.

"Oloo," Athanas akasema, "nisamehe."

Oloo akamzaba kofi lililomgonganisha na ukuta. Askari wakaruka kumshika, lakini hakuwa na kofi la pili. Alikuwa amelishika shati la Athanas kwa mikono yote miwili.

"Nilikuomba, Chacha," alisema. "Nilikuomba."