Mfungo Wangu wa Tumbo

Mume wangu alipofariki, watu walinilisha sana. Nilikuwa nimekaa eda ndani ya nyumba yetu hapa Mnyambe, na kila siku wanawake wa jirani waliingia na bakuli. Huyu kaleta ugali wa muhogo na mbaazi, yule kisamvu kilichoungwa kwa korosho, mwingine ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa sababu alisikia naipenda. Hakuna aliyetaka kuondoka kabla hajaniona nimetia tonge mdomoni. Nilikula ili waende kwa amani. Sikumbuki kama nilisikia njaa hata mara moja katika miezi ile.

Mwili ukawa mzito, na kiungulia kikanishika. Nikilala kinapanda hadi kooni, nikiamka mdomo ni mchungu. Nilipewa dawa zahanati, ikasaidia kidogo, kisha hali ikarudi vilevile.

Eda ilikwisha, na haikupita muda Ramadhani ikaingia. Nilifunga kama wenzangu, bila chakula wala maji hadi magharibi, na mwezi haujafika nusu nikagundua kwamba nalala usiku mzima. Tumbo lilikuwa limenywea, kimya, kama mtoto aliyelia akachoka. Nilifurahi peke yangu. Baada ya Idi nikarudi kula mchana, na kiungulia nacho kikarudi. Ndipo nilipoamua kufunga Jumatatu na Alhamisi, chakula na maji, kwa ajili ya tumbo langu.

Hapo ndipo lilipoanzia tatizo, kwa sababu kila aliyeniuliza nilimjibu hivyohivyo: nafunga kwa ajili ya tumbo. Mimi ni Mwislamu na siku hizo ni za sunna. Ningesema sunna, pasingekuwa na neno. Lakini nia yangu ilikuwa tumbo, na sikuona kwa nini nimsingizie Mungu.

Mama mkwe wangu anakaa nyumba ya pili, hatua chache kuvuka uwanja. Mume wangu alijenga pale makusudi ili awe karibu na mama yake. Yeye ni Mmakonde wa hapahapa juu mlimani, mimi ni Myao niliyezaliwa Nanganga, kule chini njia ya Masasi. Tunazungumza Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Wanangu wawili wako mbali na kazi zao. Baada ya msiba tulibaki sisi wawili katika uwanja ule, pamoja na kuku wake.

Ndugu zangu wa Nanganga walikuwa wamesema tangu matangani kwamba mambo yakitulia watakuja kunichukua. Walisema kwa upendo. Mimi nilitaka kubaki. Hapa ndipo nimezeekea, mikorosho tuliipanda wote wawili, na kaburi lake liko hapa. Lakini hakuna aliyeniuliza, nami si mtu wa kusema kabla sijaulizwa. Mama mkwe naye hakuuliza. Nilidhani pengine angependa niondoke, maana kuniona kila siku ni kumkumbuka mwanawe. Kwa hiyo nilikaa nikingoja, sijui kama nyumba ile bado ni yangu.

Niseme kidogo kuhusu maji, maana asiyeishi huku hataelewa. Huku juu hakuna mto. Siku hizi bomba linatoa maji kwa siku zake, na nyumba nyingi zimechimba visima vya kuvunia mvua kutoka paani. Lakini mama mkwe alikua wakati wanawake wanateremka bondeni alfajiri, wanapanda na mtungi kichwani, na jua linawakuta bado mlimani. Shingo yake imekaa hivyo hadi leo, imenyooka, haigeuki bila mabega kugeuka nayo. Maji anayaita medi, kwetu ni mesi, na nyumbani kwake yana heshima yake. Mgeni hasemi habari yoyote, hata ya msiba, kabla hajapewa maji akanywa. Na mimi, tangu nilipoolewa, adhuhuri aliniletea kikombe cha bati popote nilipo, iwe jikoni au chini ya mikorosho ninapopalilia. Hakusema kitu. Alisimama hadi nimalize, akachukua kikombe, akaenda zake.

Jumatatu ya kwanza nilimwambia, "Ahsante mama, leo nimefunga."

"Umefunga nini? Idi si imepita?"

"Nafunga kwa ajili ya tumbo."

Alinitazama, akakitazama kikombe. "Tumbo," alisema. Akaondoka nacho, akayamwaga maji polepole kwenye mche wa mpapai.

Alhamisi alileta tena. Nikakataa tena, kwa adabu. Jumatatu iliyofuata vilevile. Siku za kawaida nilikunywa, lakini ilionekana hizo hazihesabu. Alhamisi nyingine hakuja. Na kuanzia hapo hakuja siku yoyote.

Mimi nilidhani amezoea. Nilidhani ameona hakuna haja ya kuhangaika na uzee wake. Niliendelea na mfungo wangu na mwili ukawa mwepesi. Siku za mwanzo kichwa kiliuma mchana, mate yakawa mazito kama uji, na nikisikia mtu anamimina maji ndooni masikio yalisimama kama ya mbwa. Baadaye mwili ulikubali. Saa tisa kiu inafika juu kabisa, halafu inashuka yenyewe, na jioni inabaki utulivu ambao siwezi kuueleza vizuri. Magharibi nilifungua kwa maji ya uvuguvugu, kisha uji wa mtama, kisha nikakaa kibarazani. Ule ukimya wa tumbo ulifanana na ukimya wa nyumba, na nyumba haikuniuma sana siku hizo.

Kitu kimoja nilikiona ila sikukielewa. Mama mkwe alizoea kuniita mama wa mjukuu wake, kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama wanavyoniita wote. Sasa akaacha. Ilikuwa "wewe". "Wewe, kuku wako kaingia jikoni." Na kuku walikuwa wake.

Kaka yangu mkubwa alikuja Alhamisi moja mchana, kwa pikipiki, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Mama mkwe alitoka kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Maji kwanza."

Alimletea kikombe kile cha bati. Kaka akanywa chote, akashusha pumzi. "Maji ya huku juu matamu."

"Matamu kwa sababu yana tabu. Nyie wa Nanganga maji mnayo mlangoni, mnaogesha hadi mbuzi."

"Mbuzi wetu wasafi, mama. Hata posa wanaletewa."

Walicheka wote wawili. Kisha kaka akakaa vizuri kwenye mkeka, nikajua sasa anasema.

"Mama, nimetumwa na nyumbani. Eda imekwisha, Idi imepita. Tunaona dada yetu aje apumzike kwetu. Hatukunyang'anyi mtu. Watoto ni wenu na ni wetu, na kuja atakuja."

Nilitazama chini. Nilitaka kusikia mama mkwe atasema nini, maana maneno yake ndiyo yangeniambia kama nina nyumba au sina.

"Mchukueni," alisema, haraka mno. "Sitamzuia mtu. Yeye mwenyewe alishaniaga zamani."

Kaka akanigeukia. Nami nikashtuka.

"Nimekuaga lini, mama?"

"Jumatatu," alisema. "Na Alhamisi. Na Jumatatu nyingine."

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya jiko.

"Mtu akitaka kuondoka kwangu aseme," aliendelea, sasa anamwambia kaka kana kwamba mimi sipo. "Asianze kunirudishia maji. Eti tumbo. Tumbo linakataa pilipili, linakataa nyama ya mafuta. Tumbo gani linakataa maji? Nimezaa, nimezika, sijaliona. Nikasema haya, amechoka na mkono wangu. Mwanangu hayupo, ataninywea maji kwa ajili ya nini?"

Kaka yangu alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akaufunika uso kwa kofia yake.

"Nisamehe, mama. Lakini huyu? Huyu toka mdogo akikwambia tumbo, jua ni tumbo. Hajui kudanganya. Watoto wanne tuliwahi kula sukari ya baba, tukakubaliana tuseme ni panya. Baba kuuliza tu, huyu akasema si panya ni sisi. Tulichapwa wote, naye pia. Angekuwa anaondoka angekwambia, naondoka."

Mama mkwe aligeuza mabega yote, akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni baada ya siku nyingi.

"Siendi," nilisema. "Kama hunifukuzi, siendi popote. Na nilidhani wewe ndiye unayetaka niende."

"Nikufukuze nibaki na nani? Na hawa kuku?"

Niliinuka, nikaingia ndani kwake, nikachota maji mtungini, nikatoka nayo, nikanywa mbele yao nimechuchumaa. Kaka alisema baadaye kwamba nilifanya vizuri kumheshimu mzee. Ni kweli nilimheshimu. Lakini ilikuwa saa nane, jua la kukausha muhogo, na nilikuwa na kiu kali. Sitasema nilikunywa kwa ajili yake peke yake.

"Taratibu," alisema mama mkwe. "Utapaliwa."

Kaka alilala kwetu usiku mmoja. Asubuhi akafunga ming'oko na korosho za kukaanga nyuma ya pikipiki, akaniuliza, "Wakiniuliza nyumbani kwa nini nimerudi mtupu, niseme nini?"

"Waambie tumbo," alidakia mama mkwe kutoka uwanjani. Kaka aliwasha pikipiki anacheka.

Mfungo sikuuacha. Tulikaa mimi na mama mkwe tukauzungumza vizuri kama watu wanaozungumza shamba. Nilimweleza kiungulia chote, nikamwonyesha mahali kinapoanzia. Alisikiliza, kisha akatoa masharti yake. Msimu wa korosho hakuna kufunga, maana mtu anainama kutwa nzima juani kuokota. Hilo nilikubali bila ubishi. Nilikuwa nimewahi kupatwa na kizunguzungu chini ya mkorosho, nikakaa kwenye majani hadi dunia iliposimama, na mhudumu wa zahanati alishanionya kwamba nikisikia hivyo ninywe mara moja, nisijifanye shujaa. La pili, nimwambie jana yake, ili adhuhuri asisumbue miguu bure. La tatu, kufungua ni kwake, si peke yangu kibarazani.

Hilo la tatu ndilo lililobadilisha mambo. Sasa Jumatatu na Alhamisi hatupiki tena kila mmoja kwake. Mimi napeleka uji, yeye anatoa mbaazi au kisamvu, na tunakula kwenye sinia moja. Anakula polepole kwa meno aliyobakiza, nami nimejifunza kwenda mwendo wake. Kiungulia kimepungua sana. Watu wananiuliza kama ni ule mfungo, wengine wanataka kunifuata. Nawaambia ukweli kwamba sijui. Huenda ni kukaa bila chakula na maji. Huenda ni kwamba sili tena haraka haraka huku nimeinamia sufuria peke yangu. Na nawaambia waulize zahanati kwanza, maana tumbo langu si lao.

Mume wangu namkumbuka kila siku. Mama yake pia anamkumbuka, lakini hatumtaji kila siku. Kuna jioni tunamtaja kwa jambo dogo, jinsi alivyokuwa akimwaga chumvi, na tunanyamaza pamoja, na haituumi vibaya.

Alhamisi iliyopita nilikuwa bado nafagia uwanja aliponiita, kwa jina la mwanangu, kama zamani. Nilitazama magharibi.

"Jua bado, mama."

"La msikiti ndilo bado," alisema. "La tumbo limeshazama. Njoo, mbaazi zinapoa."

Niliweka ufagio, nikanawa mikono, nikaenda.