Jiwe la Serikali Barazani

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya upimaji nilikabidhiwa ubao mrefu wenye namba, nikaambiwa niusimamishe wima, nisitikisike. Nilikuwa nimetoka Kaloleni, viatu vipya vikinibana. Mpimaji Mkuu, mtu wa bara mwenye sauti ya chini, alichungulia kwenye darubini kisha akasema, "Kijana, kwetu milimani maji huporomoka, mto ukajichagulia njia, na watu wakajenga kuufuata. Hapa kisiwani hakuna mto. Tunauchimba sisi, na tofauti ya shubiri moja ndiyo itakayoamua nani alale pakavu."

Nilikuja kuyaona hayo. Waliotangulia walijenga Mji wa Kale juu ya jabali. Waliofuata wakajibana Majengo, na mabondeni mwake mvua ya masika huingia vyumbani. Nilipokuwa mpimaji kamili nilipewa mtaro wa kuyatoa maji hayo hadi baharini. Tulichimba kutoka ncha mbili tukakutana katikati. Upande wa Mji wa Kale, mtaro unapoingia baharini, nilipima kutoka alama ya kimo, yaani jiwe ambalo urefu wake juu ya bahari unajulikana na halipaswi kusogea. Lilikuwa kwenye baraza ya nyumba moja. Nilijiona fundi, nikatia sahihi kwenye karatasi ya vipimo.

Masika yakikaribia, Bi Rukia, mjane wa Majengo ambaye mtaro ulipita mlangoni pake, aliniita. Akamwaga ndoo ya maji mtaroni. Yalikwenda hatua chache, yakasita, yakarudi.

"Mwanangu," akasema, "mwaka jana nililala juu ya meza na wajukuu. Mwaka huu wataka tulale wapi?"

Niliona aibu kubwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile baraza kulikagua jiwe. Mwenye nyumba, Mzee Athmani, alinikaribisha kahawa.

"Baraza niliijenga upya kabla hujaja kupima, bwana mpimaji, ikapanda shubiri. Lakini jiwe la serikali sikulitupa, hasha. Nalimwambia fundi alipandishe juu, lionekane vizuri."

Akalifuta vumbi kwa kiganja. Kumbe jiwe lilikuwa limepanda, nami kwa kulifuata niliichimba ncha ya baharini juu kwa shubiri nzima. Sikuwa na uso wa kumlaumu. Mimi ndiye niliyepima bila kulilinganisha jiwe na alama ya pili.

Nilimweleza Mkuu yote. Hakupaza sauti.

"Sahihi ni ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Basi na sururu ni yako."

Nilichimba pamoja na vibarua hadi viganja vikachubuka, tukamaliza siku tatu kabla ya mvua. Iliponyesha nilikaa kizingitini kwa Bi Rukia nikiyatazama maji yakipita kwenda zao, naye ndani akikoroga uji.

Sasa nimestaafu. Vijana hupima kwa mitambo inayozungumza na setilaiti, na wanajua mengi kuliko mimi. Wakinialika kuona mtaro mpya huwa sina maneno mengi. Huwauliza tu ndoo iko wapi.