Nyama Iliyopimwa Hospitali

Kabla Saulo Kalinga hajaugua, tumbo lake ndilo lililokuwa likiingia nyumbani kwanza, kisha yeye. Watu wa Kihesa, pale Iringa mjini, walilipenda tumbo lile. Lilikuwa tumbo la dereva wa lori, na miaka ile ya sabini, lami ya kwenda Mbeya ikiwa bado mpya, dereva wa lori alikuwa mtu wa kupishwa kiti.

Alikula hivi, nanyi mtege masikio maana kesi yote imo humu. Alfajiri, ugali wa mkewe Lea, kwa sababu kwa Mhehe asiyekula ugali hajala, amejaribu tu. Mafinga, maandazi na chai ambayo sukari yake ingeweza kusimamisha kijiko. Makambako, viazi vya kukaanga. Chimala, sahani ya wali, maana kupita Usangu bila kuuonja mchele wao ni kuwatukana. Uyole, mishikaki na ndizi za kuchoma. Na soda za kusukumia, kila kituo na yake.

Kisha kiu ikamwingia. Akawa anakunywa maji, anasimamisha lori, anakimbilia kichakani, anarudi, anakunywa tena. Macho nayo yakaanza kuona ukungu hata jua likiwaka. Aliyeugundua ugonjwa ni utingo wake, Ambrosi, mzee mwenye mvi nyingi na maneno machache. Asubuhi moja alimshika mkono akampeleka nyuma ya gereji.

"Dereva, pale ulipokojoa jana," alisema, "sisimizi wamefungua soko."

Hospitalini walimkuta Daktari Didas, mtu wa Bukoba, mgeni bado katika baridi ya Iringa, koti juu ya koti. Alichukua mkojo wa Saulo, akautia kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, akakishika juu ya moto. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikaenda kutulia kwenye wekundu wa tofali.

"Ugonjwa wa sukari," alisema daktari. "Nitakupa vidonge, lakini vidonge peke yake havitoshi. Ugali, acha. Wali, viazi, ndizi, mkate, maandazi, acha. Sukari, soda na pombe, usiguse kabisa."

Saulo alingoja amalize, akaona amemaliza. "Sasa daktari, mimi ni mtu au mbuzi? Nile majani?"

"Majani ule, ndiyo. Na nyama, mayai, samaki, maharage kidogo."

"Mimi nakula barabarani. Barabarani hakuna mtu wa kunipikia mchicha."

"Basi chagua humo humo barabarani. Anayeuza nyama na ndizi, mwambie ndizi abaki nazo."

Ingekuwa hayo tu, Saulo angecheka akaenda zake Chimala. Lakini mkuu wa gereji alishasikia habari ya yale macho, naye hakuwa na utani. Alisema dereva asiyeona vizuri hampi lori. Akampa mwezi mmoja. Kichupa kikirudi chekundu, atakabidhi funguo na kuhamia getini, akae na Marcelino mlinzi. Marcelino alifurahi mno kupata mwenzake wa kuzungumza naye. Jioni ile ile alianza kumchongea Saulo rungu.

Basi Saulo akaanza kula kama daktari alivyosema, na jamani, alijitahidi. Lea alimwekea mboga na mayai, naye alivila akiutazama ugali wa wenzake kama anayesindikiza maiti. Mafinga alinunua paja la kuku. Makambako, mayai ya kuchemsha yaliyouzwa dirishani na chumvi yake kwenye karatasi. Uyole alifika kwenye jiko la Roza.

Roza alikuwa binti wa mzee Nkuba, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Alikuwa mwanamke mwenye kifua cha kupulizia moto bila kipepeo, na kila dereva kwake alikuwa kaka.

"Kaka Saulo! Ndizi zako hizi."

"Ziache. Nipe nyama na kachumbari tu."

Jiko zima liligeuka kumtazama. "Bila ndizi?" Roza aliuliza. "Nani amekufa?"

"Daktari amekataza."

"Jamani, leteni kiti, mtu huyu ni yatima!" Wakacheka wote. Lakini tangu siku hiyo alimwongezea kachumbari, na mwingine akijaribu kumtania Saulo kwa kipande cha ndizi, Roza alimrushia kaa la moto.

Mwezi ulipokwisha, tumbo lilikuwa limerudi nyuma kidogo, na Saulo akaenda hospitali akipiga mluzi. Daktari akakishika kichupa juu ya moto. Buluu, kijani, manjano. Tofali.

"Bwana Kalinga, unanidanganya."

"Haki ya Mungu, daktari, ugali nauona kwa watu tu!"

Lea alikuwa amekaa pembeni na kitenge chake cha kwaya ya Kilutheri. Aliinuka polepole. "Daktari, nyumbani kwangu anakula mbele ya macho yangu. Kama kuna sukari, iko Uyole. Yuko mwanamke huko anayemwita mume wangu kaka. Hiyo nyama anaipaka nini, sisi hatujui."

Daktari alimwandikia mkuu wa gereji amvumilie wiki moja tu. Kesho yake, lori lilipotaka kuondoka, Lea alikuwa ameshapanda mbele, kapu mapajani.

"Mama Juliana, unakwenda wapi?"

"Kumsalimia wifi yangu. Endesha."

Njia nzima alimkazia macho. Alinusa kuku wa Mafinga. Yai la Makambako alilipasua katikati kulichungulia. Hakuona kosa. Walipofika Uyole aliteremka kabla gari halijasimama sawasawa.

"Wewe ndiye Roza?"

"Ndiye. Na wewe bila shaka ni wifi! Karibu wifi!"

"Wifi wa wapi? Mume wangu hana dada Uyole. Nyama yako unaipaka nini?"

Roza alisimamisha kipepeo. "Chumvi, tangawizi na ndimu. Kwani vipi?"

"Mkojo wake umetoka mwekundu. Daktari amekwishaambiwa habari za nyama yako."

"Nyama yangu imetajwa hospitali?" Roza aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo ghafla. Wateja waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna. Mmoja akarudisha mshikaki wake jikoni kimya kimya. Roza akauona.

Lea alichukua kipande, akakilamba, akakitafuna, akafumba macho kutafuta sukari. Akachukua kingine, kwa uhakika zaidi. Alipofika cha tano Saulo alimwuliza kama bado anatafuta.

"Haina kitu hapa mdomoni," Lea alikiri, "lakini mdomo si kichupa."

"Vizuri!" Roza alivua aproni akamrushia mdogo wake Nyamizi. "Nakwenda Iringa na nyama yangu. Huyo daktari aipime mbele yangu. Ikiwa na sukari, nafunga jiko. Ikiwa haina, wewe wifi utakuja hapa Uyole, upepee huu moto, unitangazie biashara kwa sauti hiyo hiyo uliyonitukania."

"Nimekubali," alisema Lea. Mwimba kwaya haogopi kupaza sauti.

Walirudi watatu mbele, Ambrosi juu ya magunia. Makambako waliipita, Mafinga wakaipita, na wanawake wale wawili hawakusemezana isipokuwa kuhusu dirisha. Walipofika Ifunda, Saulo alipunguza mwendo bila kuombwa, na mzee mmoja akatokea kwenye mianzi na kibuyu na kopo.

"Kamwene, Baba Juliana! Leo umechelewa."

Saulo alipokea kopo, akalimaliza bila kupumua. Likajazwa la pili. Lea alipokea la kwake, akashusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Mpe na mgeni. Hata awe na kesi, ana koo."

Roza alionja. Akatoa kopo mdomoni, akalitazama. Nyuki wawili walikuwa wamekaa ukingoni, hawana haraka.

"Nani ametia sukari humu?"

"Hakuna aliyetia," alisema Lea. "Ni ulanzi, unatoka kwenye mwanzi wenyewe. Huu ni mtogwa, wa leo asubuhi."

"Pombe?"

"Pombe ni ule uliolala, mkangafu. Huo amekwisha kuuacha, nashuhudia mimi. Mtogwa si pombe. Hata mtoto anayeota meno anapewa."

"Na anakunywa hivi kila safari?"

"Kwenda na kurudi," alisema Saulo kwa upole wa mtu mwema. "Tangu niache soda, dada, kiu inanisumbua sana."

Roza alikaa chini kwenye majani, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. Saulo na Lea walitazamana, hawakuona kichekesho. Ndipo Ambrosi aliposhuka kwenye magunia. Alilichukua kopo la Roza, akamimina kidogo ardhini, akachuchumaa. Wakasubiri. Sisimizi wa kwanza alitoka kwenye ufa. Wa pili akaja na jamaa zake.

"Wale wale," alisema Ambrosi.

Lea alifunika mdomo kwa kitenge chake cha kwaya.

Hospitalini, Daktari Didas alisikiliza kisa chote, wakimsimulia watu watatu kwa wakati mmoja, na mwisho akauliza mtogwa ni kitu gani. Badala ya kumjibu, Roza aliweka mezani kibuyu, na kando yake mishikaki iliyofungwa kwenye jani la mgomba.

"Pima vyote viwili. Nyama kwanza."

"Dada, dawa hii ni ya mkojo."

"Kwani sukari inajua imetoka wapi?"

Daktari alifikiri, akatabasamu, akavua koti moja. Alikamua mchuzi wa nyama kwenye kichupa chenye dawa, akakishika juu ya moto. Manesi walikuja mlangoni. Dawa ilichemka, ikachemka, ikabaki buluu kama sare ya shule. Roza alipiga kigelegele mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akauliza kama ni yeye aliyepona.

Kisha mtogwa. Haukungoja hata kuchemka sawasawa. Ulirukia wekundu wa tofali moja kwa moja.

Saulo alikitazama kichupa kile kama anayemwona rafiki yake wa utotoni akishuka kwenye gari la polisi. "Nawe!" alisema.

Zikaja siku chache za mateso. Kila alipopita Ifunda, mzee wa kibuyu aliinua kopo, na Saulo aliinua mkono, akapiga honi ndefu ya huzuni, akakanyaga mafuta. Uyole alikula nyama na kachumbari. Alikunywa maji, akasema hayana hadithi.

Siku ya mwisho ya ile wiki, mkuu wa gereji mwenyewe alikuja hospitali kutazama, na Marcelino nyuma yake na rungu lililokwisha kupakwa mafuta. Kichupa kilichemka. Buluu ikasitasita, ikachungulia kijani, ikaishia hapo hapo.

"Kijani kidogo tu," alisema daktari. "Hiyo naipokea. Aendelee hivi hivi."

Mkuu wa gereji alirudisha funguo mkononi mwa Saulo. Marcelino aliangalia rungu lake, akaangalia funguo, akaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata, waliopita Uyole walimwona mwanamke mwenye kitenge cha kwaya akipepea moto, moshi machoni, na mwenye jiko amekaa kwenye kiti, mguu juu ya mguu.

"Haisikiki, wifi! Uliponitukana ilisikika mpaka Ilomba!"

Lea alijaza kifua hewa ya makaa. "Njooni mle nyama! Nyama safi! Imepimwa hospitali!"

Malori matatu yakapunguza mwendo. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani. "Imepimwa nini, mama?"

Lea alimtazama mumewe aliyekuwa akitafuna taratibu kivulini, bila ndizi.

"Teremka ule kwanza," alisema. "Ukimaliza nitakueleza."