Bakuli la Mama wa Chini

Mara ya kwanza nilipoingia usaili wa uhakimu, niliangushwa na bakuli la futari. Mtihani wa kuandika niliupita vizuri, tena kwa alama za kujivunia. Kisha nikaitwa kwa maswali ya mdomo, mbele ya jopo la watu watatu na chupa zao za maji. Mmoja wao, mama mwenye miwani iliyomshuka puani, akaniuliza: mtu mwenye kesi mbele yako amekuletea futari nyumbani, utafanya nini?

Nilijibu bila kufikiri. Nilisema nitapokea, na kesho yake nitamrudishia chombo chake na kitu ndani.

Walicheka wote watatu, mmoja mpaka akavua kofia ajifute jasho. Na mimi nikacheka nao, nikidhani nimewafurahisha. Majina yalipotoka, langu halikuwemo.

Nilikasirika mno, na hasira zangu si za kuisha upesi. Walionicheka ni Waunguja kama mimi, na najua fika kwamba kila Ramadhani nao hula vya majirani zao. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kama huna cha kupika utatia tende, utatia ndimu mbili, hata sukari utaichota, lakini kitupu hukirudishi. Hapana anayekaa kitako akakufundisha hayo. Sasa mtu umekua hivyo, halafu unaulizwa ghafla na watu waliokua hivyo hivyo, ulitegemea ujibu nini?

Naishi na mama yangu Michenzani, kwenye ghorofa. Chini yetu anakaa mama mmoja mjane, mtu wa Makunduchi, aliyekuwepo tangu sijaanza skuli. Mimi humwita mama wa chini, na yeye hajapata kulalamika. Kila Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, bakuli la maua ya buluu hupanda ngazi na muhogo wa nazi wa mama wa chini, kisha hushuka na kaimati za mama yangu. Limezunguka miaka mingi hata hakuna anayekumbuka lilinunuliwa na nani. Likibaki kwetu siku ya Idi, hukaa kwetu mpaka Ramadhani nyingine.

Nafasi zilipotangazwa tena nikajiandaa upya, na safari hii nilijiapia kuwa ndiyo ya mwisho. Nikikosa, nitakwenda kumuuzia mjomba vinyago na viungo dukani kwake Mji Mkongwe, nisahau kabisa habari za joho. Mjomba alikuwa akingoja jibu langu kwa hamu ambayo sikuipenda.

Kwa kuwa nyumbani kuna televisheni za watu kila upande, nilikuwa nikisali alfajiri, nakwenda kusoma barazani kwa mjomba huyo huyo. Kulikuwa na utulivu mpaka watalii waamke. Wakiamka, hupita wakiruka miguu yangu, wengine wakinipiga picha bila hata salamu. Siku moja nilimsikia mtembeza wageni akiwaeleza kuwa mimi ni mwanachuoni nnayedurusu kitabu cha dini. Nilikuwa nasoma kanuni za mwenendo wa madai, nami niliwatazama kwa jicho ambalo nadhani limetoka vizuri kwenye picha zao. Sheria zenyewe nyingi zimeandikwa Kiingereza, na ugomvi wote wa hapa ni wa Kiswahili. Nilihifadhi vifungu kwa lugha moja huku nikijiuliza nitawaelezaje watu kwa lugha nyingine.

Mwaka huo huo mama wa chini naye akaingia Mahkamani. Ana nyumba ya urithi Jang'ombe, na jirani wa huko alijenga mpaka akauvunja ukuta wake. Wazee wa mtaa walijaribu kuwapatanisha, ikashindikana. Hakuwahi kuniomba msaada wa kesi ile hata kwa fumbo. Alikuwa akipanda jioni kuongea na mama, ananikuta nimeinamia vitabu, ananiuliza leo nimejifunza nini.

Jioni moja nilikuwa najizoeza kwa sauti jibu la lile swali lililoniangusha, ili safari hii litoke kama wanavyolitaka. Nikamweleza mama wa chini kuwa hakimu hapokei kitu kwa mwenye kesi. Akafikiri.

"Hata maji?"

"Hata maji, mama."

Alitazama kaimati zilizokuwa siniani mbele yetu, akasema, "Kazi yako hiyo ina njaa, mwanangu."

Nilimwona mama yangu hakupendezwa. Alipoondoka mgeni akaniambia kuwa mkono mtupu haulambwi, na kwamba yeye hakunilea niwe mtu wa kufungia watu mlango. Nilimjibu kwa ukali kuwa yeye ndiye anayetaka kila siku nipate kazi ya heshima. Tulinuniana mpaka siku ya pili.

Siku ya usaili nikamkuta yule yule mama wa miwani. Nadhani alinikumbuka, maana alitabasamu kabla hajafungua mdomo. Akauliza swali lile lile. Nikajibu nilivyojizoeza: sitapokea, na kama mwenye kesi ni mtu tunayejuana, nitajitoa kwenye shauri.

Nikadhani yameisha. Yeye akavua miwani.

"Kisiwa hiki ni kidogo. Utajitoa mara ngapi? Kila mtu hapa ni jirani yako au jamaa yako."

Jibu la hilo sikuwa nimejizoeza. Nikamkumbuka mama wa chini na kaimati zile.

"Basi nitakula peke yangu," nikasema.

Safari hii hawakucheka. Yule mama aliandika kitu, akanishukuru. Majina yalipotoka langu lilikuwemo, na mama alipiga kigelegele kwenye ngazi hadi majirani wakafungua milango. Wa kwanza kupanda kunikumbatia alikuwa mama wa chini.

Nikala kiapo, nikapangiwa kituo cha mjini. Haukupita muda mrefu, kesi ya ukuta ikaletwa kwangu. Nikaeleza kwa mkubwa wangu kuwa mdai ni jirani yetu, shauri likapewa mwenzangu, nami nikarudi nyumbani nikijisifu moyoni. Niliona nimetimiza sheria na ujirani wangu nimeunusuru, vyote viwili.

Ramadhani ikaingia. Bakuli lilikuwa kwetu, kwa hiyo ilikuwa zamu yetu kuanza. Mama akalijaza kaimati, nikateremka nalo mwenyewe. Mama wa chini alilipokea mlangoni, akaniambia nisubiri. Jikoni kwake kulikuwa kunanukia nazi, na nikafurahi, maana tangu asubuhi nilikuwa naufikiria muhogo ule.

Akarudi na bakuli limeoshwa, bado linachuruzika maji. Ndani hamna kitu.

Nikamwambia haraka kwamba kesi yake siisikilizi mimi, nshaitoa mikononi mwangu.

"Najua," akasema. "Lakini yule wa Jang'ombe hajui. Atasikia bakuli langu linapanda kwa hakimu. Weye si ulinambia hata maji? Kesi ikisha n'takupikia."

Aliitikia kwaheri yangu kwa upole uleule wa siku zote. Nikapanda ngazi na bakuli tupu, na katikati ya ngazi nikasimama nikalia, kwa sababu alikuwa amenielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe, na kwa sababu nilikuwa nautaka ule muhogo.

Adhana ilikuwa inaanza nilipoingia. Mama alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akalichukua na kuliweka juu kabatini.

"Haya, hakimu," akasema. "Njoo tule."