Nilivyomchapia Afande mstaafu mashairi ya mapenzi, nusura nimvunjie ndoa

Wakuu, nawasalimu kutoka Tunduma, ambako muda huu foleni ya malori imefika mpaka karibu na mlango wangu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, mwaka huu. Sijaongeza chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga paacheni hivyo hivyo, ndivyo nilivyokuwa.

Mimi ni form four, matokeo tusiyaongelee. Nina meza yangu kwenye steshenari, nachapa barua, natoa kopi. Ndoto yangu ni uandishi. Nina riwaya kwenye flashi, tangu mwaka juzi imefika ukurasa wa kumi na moja.

Sasa twende.

Siku moja akaingia mzee mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mkunjo wake unatisha. Viatu vinang'aa, na nje kote ni vumbi. Nikampa kiti, akakataa.

"Kijana, unaweza kutunza siri?"

Nikasema naweza, mzee.

"Niite Afande."

Akatoa daftari kwenye begi. Nikajua ni yale mambo ya mafao, wastaafu wengi huja na hayo. Nafungua, ni mashairi. Tena ya mapenzi. Kurasa zote, herufi zimesimama wima utadhani zinakaguliwa.

Nikamuuliza kwa nini atoke kijijini kwao Isansa, apite steshenari zote za mjini Vwawa, aje kuchapa huku mpakani.

"Vwawa wananijua. Nikichapa asubuhi, habari inafika nyumbani kabla sijapanda gari."

Huyu mzee amestaafu jeshi na cheo cha sajenti. Miaka yote ya kazi alikuwa anakuja nyumbani likizo tu. Mkewe, Mama Tumaini, ndiye aliyelea watoto wanne na shamba la kahawa. Alipostaafu wakabaki wawili mezani, na mzee akagundua hana cha kumwambia mkewe.

"Mdomoni maneno yangu yanatoka kama amri," aliniambia. "Kwenye daftari yanatulia."

Akaanza kuandika. Alipokuja kwangu alikuwa na madaftari kumi na manne, ameyaficha stoo.

Kwa wasiojua haya mambo, shairi la kufuata kanuni kila mstari una mizani kumi na sita, yaani silabi, nane mbele na nane nyuma. Wengine wanahesabu kwa vidole. Afande anahesabu kwa miguu. Hatua nane, anageuka, hatua nane. Mguu ukizidi, mstari unarudi kufanyiwa kazi.

Na hakubali kujikagua mwenyewe. "Aliyeandika atajipendelea. Tembea wewe."

Wakuu, nimetembea. Nje ya steshenari, katikati ya malori, nasoma kwa sauti mapenzi ya watu huku mzee anasema kushoto, kulia, kushoto. Dereva mmoja wa Zambia akatoa kichwa dirishani akauliza, "Mzee, huyu mdogo amefanya kosa gani?"

"Mstari wa pili umezidi mguu mmoja," Afande akamjibu.

Dereva akapandisha kioo.

Tulienda hivyo karibu miezi miwili. Nikampenda yule mzee. Kazi ilipoisha nikaprinti, nikabana vizuri, na juu nikaweka ua jekundu kubwa. Ua lilikuwa ubunifu wangu, hakuniagiza.

Afande hakutokea. Wiki ya kwanza, ya pili, simu haipatikani. Nikaingiwa na hofu kwamba mzee anaumwa. Jumamosi nikapanda gari mpaka Vwawa, nikachukua bodaboda mpaka Isansa.

Nikamkuta mama mmoja anageuza kahawa kwenye kichanja. Hapa ndipo ujinga wangu unapoanza.

"Shikamoo mama. Nimemletea Afande mashairi yake ya mapenzi."

Akaacha kugeuza kahawa, akakichukua kitabu mkononi mwangu. "Mapenzi yake na nani?"

Hapo ndipo nikaikumbuka siri. "Na mke wake, mama."

"Mke wake wa wapi?"

Nikababaika. Nikasema, "Mimi natoka Tunduma."

Wakuu, katika majibu yote ya dunia.

Afande akatoka ndani amejifunga blanketi, mafua yamemkamata, simu alishaidumbukiza kwenye ndoo ya maji. Akaliona lile ua jekundu mkononi mwa mkewe. Nimewahi kuona watu wakiogopa, lakini siyo vile.

"Baba Tumaini, tangu unioe hujawahi kuniambia hata nimependeza," mama akasema. Hakupaza sauti, ndiyo ikawa mbaya zaidi. "Leo kitabu kizima, na maua juu. Huyu siyo mimi."

"Ni wewe."

"Kama ni mimi, kesho Jumapili ya mavuno. Simama kanisani usome, watu wote wasikie. Usiposoma, nitajua ni wa Tunduma. Ukisoma watu wakanicheka, hayo madaftari yako ya stoo nayapikia maharage."

Kumbe ya stoo alikuwa anayajua. Alidhani ni mambo ya jeshi.

Nililala kwao. Afande hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko kama angenichapa. Alikaa tu anapiga pasi.

Kesho yake kanisa lilijaa. Mbele kuna maboga, mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, na kuku wamefungwa miguu wanasubiri mnada wa mavuno. Mchungaji akamwita. Afande akapanda, akampigia saluti kwa bahati mbaya, akafungua karatasi.

Na hapo nikakumbuka kitu. Kule Tunduma siku zote nilikuwa nasoma mimi. Miguu tuliikagua sana. Sauti hatukuikagua hata siku moja.

"Mke wangu nisikize, nikupe LILO MOYONI."

Mabati yakaitika. Baada ya kustaafu, Afande aliwahi kufundisha mgambo pale kijijini, na watano wao walikuwa viti vya nyuma. Walisimama wote kwa pamoja, mikono imenyooka, macho mbele. Watoto wakaona ni utaratibu, nao wakasimama.

Pengine watu wangevumilia. Lakini mstari wa pili ndio huu, naye akautoa kwa nguvu zote:

"Sauti niipunguze, hapa siko UWANJANI."

Kanisa likavunjika mbavu. Kwaya ilicheka. Mzee wa kanisa alishika tumbo. Kuku wakaanza kupiga mbawa, mchungaji akaficha uso kwenye leso.

Afande akashusha karatasi. Mimi nikawa nafikiria maharage tu.

Mama Tumaini akasimama. Nikajua anaondoka. Akaenda mbele.

"Nyie mgambo, kaeni."

Wakakaa. Kicheko nacho kikakaa.

"Baba Tumaini, umefika wapi?"

"Mstari wa pili."

"Umebakiza beti ngapi?"

"Saba, kasoro hiyo mistari."

"Soma. Ila mimi siko ng'ambo ya mlima. Niko hapa."

Akasimama mbele yake, umbali wa mkono. Na sauti ya Afande ikakosa pa kwenda. Ikashuka mpaka ikawa kama ya mtu anayeomba chumvi mezani. Akamaliza ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili ukamtaja mkewe kwa jina lake la usichana, na kina mama wakaanza kutafuta pembe za vitenge vyao. Mimi pia nilikuwa na vumbi machoni.

Akafika wa tatu.

"Likizo nikirejea, ulikuwa mlangoni,
Mimi ukiningojea, machozi yako usoni..."

"Simama hapo," mama akasema.

Akasimama.

"Hapo pana uongo. Mimi sikuwa mlangoni. Nilikuwa shambani, mimba ya Tumaini miezi saba, jembe mkononi. Na wewe ulipofika uliniuliza chakula kiko wapi."

Kina mama wote wakasema eee, kwa pamoja.

Afande akaangalia karatasi, akamwangalia mkewe. "Kweli."

"Na sikulia."

"Kweli."

"Basi futa. Uandike ilivyokuwa."

Akachomoa kalamu mfukoni, akaegemeza karatasi kwenye mimbari, akafuta mbele ya kanisa zima. Mama akarudi kukaa. "Haya, endelea na wa nne."

Baada ya mnada nilimfuata mama kwa woga, nikamuuliza vipi kuhusu madaftari. Akaniangalia kama mtu asiye na akili.

"Unachomaje kazi ambayo haijaisha?"

Siku hizi Afande anakuja kila wiki, bila siri. Ubeti wa tatu ameshauandika mara sita. Nikimaliza kuchapa tunampigia mama, naweka loudspeaker, nasoma. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Bado." Wiki iliyopita kosa lilikuwa mvua. Siku ile haikunyesha.

Nilichojifunza wakuu: nilidhani kuandika ni kutafuta maneno mazuri. Kumbe ukimwandika mtu aliye hai, kamuulize kwanza alikuwa wapi. Riwaya yangu inamhusu mama yangu, na kwenye ukurasa wa kwanza nimemkalisha dirishani ananisubiri. Jana nikampigia kumuuliza. Akasema nyumba yetu ya zamani haikuwa na dirisha upande huo, na kwani yeye amekufa mpaka nimwandike.

Nimefuta. Nimebaki na kurasa kumi.

Karibuni kwa maoni, na wanaocheka nimewasamehe. Ila wenye kipaji nawaomba ubeti wa tatu hapa chini: nane kwa nane, kina cha mwisho kiwe "-ni", mama yuko shambani na jembe, halii, na mume anaulizia chakula. Msimtie mlangoni wala msilete mvua. Nitamsomea Mama Tumaini, niwaletee jibu lake.