Kidole Gumba cha Siok-hun

Wanawake wa laini ya tatu walijulikana hata wakiwa sokoni. Ukimwona mama ameshika bakuli la wali kwa vidole vinne, kidole gumba kimesimama hewani kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka, usijisumbue kuuliza. Huyo ametoka kiwandani Taoyuan, kwenye meza za kukagulia soketi.

Soketi ni kile kiota cha mraba katikati ya ubao mama, ule unaobeba vipande vyote vya kompyuta, mahali prosesa, ubongo wake, inapolala. Ndani yake mna pini zaidi ya elfu moja, ndogo mno, zimeinama zote upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Pini moja ikilala vibaya, kompyuta haiwaki. Ndiyo maana siku ya kwanza kazini waliambiwa neno moja tu: gumba lisipite juu ya soketi. Likazoea kusimama. Likasimama kazini, likasimama mezani, likasimama hata wakipunga mkono kuagana.

Phang Siok-hun alikaa kwenye meza hizo miaka ishirini na miwili. Namba yake ilikuwa 47. Kila ubao aliouridhia aliubandika kibandiko chenye namba hiyo mgongoni, na wenzake walisema ubao wa arobaini na saba hauna haja ya kuangaliwa mara ya pili. Kwa miaka yote hiyo hakuharibu hata mmoja.

Yaani kazini. Nyumbani aliharibu mmoja, tena kwa makusudi.

Mumewe alifariki mtoto wao akiwa na miaka tisa. Huyo mtoto, Liao Yen-cheng, ambaye mama yake alimwita A-Cheng, ndiye aliyekuwa mali yake yote. Alipofika miaka kumi na mitano, miezi miwili kabla ya mtihani wa kuingia sekondari ya juu, alikuwa anakusanya kompyuta. Hakuinunua nzima. Aliikusanya kipande kwa kipande kwa fedha alizopewa katika bahasha nyekundu za Mwaka Mpya, mwezi huu kasha, mwezi ule kumbukumbu. Mwisho vikaja viwili vikubwa kwa pamoja, prosesa na ubao mama. Akaviweka mezani kwenye maboksi yake, akasema Jumamosi ataunganisha.

Alhamisi Siok-hun alirudi kutoka kazini akakuta vitabu vya hisabati vimefunikwa na karatasi za michoro ya waya. A-Cheng alikuwa kwenye masomo ya ziada. Mama akasimama pale mezani na koti la kazi mwilini. Akafikiria mtihani, akamfikiria marehemu mumewe aliyekufa akiendesha lori la watu wengine. Akafungua boksi la ubao. Akabandua kifuniko cheusi cha soketi. Halafu kile kidole kilichosimama miaka na miaka kikashuka.

Hakikutoa sauti yoyote. Hilo ndilo lililomshangaza. Alirudisha kifuniko, akafunga boksi, akaenda kuosha mchele.

Jumamosi A-Cheng alifungua, akatazama soketi muda mrefu. Hakupiga kelele. Alikuja jikoni na ubao mikononi.

"Mama, hebu niangalizie. Wewe ndiye fundi."

Siok-hun akachukua lenzi yake. Akajifanya anatafuta kitu ambacho alijua kilipo.

"Umekuja mbovu," akasema. "Wameuachia huko huko kiwandani."

"Kiwanda gani?"

"Nitajuaje? Viwanda viko vingi. Kuna watu wanakagua huku wanasinzia."

Mtoto akaugeuza ubao, akamwekea mezani. Mgongoni palikuwa na kibandiko: 47.

Alikuwa ameutafuta. Baadaye Siok-hun alisikia kwamba A-Cheng alimsumbua muuzaji kule Taipei hadi akafungua maboksi tisa, ili tu apate ubao uliopita mbele ya macho ya mama yake.

"Kumbe na wewe hukosea," A-Cheng alisema, kwa adabu kabisa, akarudi chumbani kusoma hisabati.

Mtihani alifaulu, tena sana. Akachagua shule ya bweni kusini, halafu chuo kusini, halafu kazi Kaohsiung. Nyumbani alirudi mara moja kwa mwaka, usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, akaondoka kesho yake mchana. Hakuwahi kumjibu mama yake vibaya. Alimjibu vizuri, kama mtu anavyomjibu karani wa posta. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Ya Siok-hun hayakumngojea huyo mjukuu.

Miaka kumi na miwili ikapita hivyo. Siok-hun akastaafu na macho mabovu. Daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, kushoto. Jirani yake A-Khim, ambaye ulimi wake haujui likizo, akamtania: "Shoga, angalau huyo mtoto hakuhama."

Siok-hun alicheka. Usiku huo hakula.

Wiki tatu kabla ya Mwaka Mpya alifungua droo, akatoa karatasi iliyokuwa chini ya kadi ya bima ya marehemu. Ni karatasi ya kuagizia chakula ya duka moja la sambusa za kuchemsha, ile unayoweka alama kwa penseli mbele ya unachotaka. Mgongoni, kwa mwandiko wa mtoto wa miaka kumi na minne, palikuwa na orodha ya vipande vya kompyuta. Akaipiga pasi kwa kiganja, akapanda treni kwenda Taipei.

Katika soko la kompyuta la Taipei orodha ya vipande huitwa menyu, neno lile lile la mgahawani. Mtu akienda kwa muuzaji husema, "Niandikie menyu." Siok-hun alienda kwenye duka la Kho, mtu mnene mwenye miwani mbili: puani ya kusomea, kichwani ya kutafutia ile ya kusomea.

"Karibu, mama. Tunatengeneza au tunaandika menyu?"

"Menyu ninayo."

Kho akapokea karatasi, akaisoma. "Mama, hapa kuna sambusa ishirini na supu mbili za siki na pilipili. Jiko langu leo limezimwa."

"Geuza."

Akageuza. Tabasamu likapungua kidogo kidogo.

"Nani kaandika hii?"

"Mwanangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na..." Siok-hun akajisahihisha. "Ishirini na saba."

"Basi, mama, vyakula hivi vilishatoka jikoni zamani. Hii prosesa utaipata kwa wauza chuma chakavu. Na huu ubao ulikuwa mke wake. Soketi yake haikubali mume mwingine."

"Nipe wa siku hizi walio kama hawa."

"Wapo. Nikuulize swali moja tu, ndilo ninaloanza nalo kwa kila mtu. Mashine ni ya kufanyia nini?"

Siok-hun akatazama rafu. Kulikuwa na maboksi hadi dari.

"Kuna wa michezo," Kho akamsaidia, "kuna wa kukata video, kuna wa kuandika barua tu. Prosesa ya mmoja si ya mwingine. Yeye anafanya nini nayo?"

Mwanamke aliyeuza feni kibanda cha mbele akadakia, "Kho, mwache mama apumue. Unamhoji kama polisi wa uwanja wa ndege."

"Nisipomhoji atarudi kunililia."

"Vifaru," Siok-hun akasema hatimaye. "Anapenda ule mchezo wa vifaru vya vita."

"Mpaka leo?"

Siok-hun akaikunja karatasi, akaikunjua tena. Kho alikuwa ameona akina mama wengi mbele ya meza yake, wanaojua rangi ya taa za kompyuta tu, lakini huyu hakumcheka. Akavuta karatasi mpya, akaanza kuandika.

"Njia ni mbili. Vijana wanapenda hii: prosesa kali, ubao wa bei poa. Ni kama kumpakia fahali kwenye baiskeli, lakini wanapenda. Ya pili ni ubao mzuri na prosesa ya katikati. Mwanzoni haina mbwembwe."

"Prosesa inabadilishwa baadaye?"

"Inabadilishwa."

"Na ubao?"

"Ukibadilisha ubao umejenga upya."

"Basi ubao kwanza," Siok-hun akasema. "Hata mume akichelewa, utamngoja."

Kho akaleta boksi. Siok-hun akaomba alifungue.

"Mama, likifunguliwa limenunuliwa."

"Nitanunua. Fungua."

Akatoa lenzi kwenye mkoba, ile ile ya kazini iliyochakaa ukingo. Akaubeba ubao kwa vidole vinne, gumba juu. Kho akaliona lile gumba, akavua miwani moja.

"Kumbe wewe ni mtu wa laini. Samahani, fundi. Mimi hapa nakuuzia maji mtu wa mtoni."

"Una wenye namba 47 mgongoni?"

Kho akasahau sheria yake, akafungua maboksi mengine. Akageuza mmoja, akageuza wa pili. Wa nne ulikuwa nayo.

"Wako huu?"

"Si wangu. Mimi niko nyumbani mwaka wa pili sasa. Namba wamempa mwingine."

"Anajua kazi?"

Siok-hun akaegemeza jicho la kulia kwenye lenzi, akafunga la kushoto. Akapita mstari kwa mstari, midomo ikitembea, mpaka mwuza feni akaacha kuuza feni akatazama. "Anajua," akasema. "Kuliko mimi."

Siku ya mkesha A-Cheng alifika saa kumi jioni na boksi la keki za nanasi, zawadi ambayo watu humpelekea mwenyeji. Alimshukuru mama yake kwa kuku, akamshukuru kwa samaki. Waliacha nusu ya samaki kama inavyopaswa, ili mwaka ujao uwe na ziada. Akauliza habari za jicho. Akasema hospitali ya Taoyuan ina madaktari wazuri.

"A-Cheng," Siok-hun akasema, "nina kitu chako."

Akaleta maboksi, akayaweka mezani mifupa ikiwa bado haijaondolewa. Boksi kubwa na boksi dogo, na ile karatasi ya menyu juu yake. Hakuwa ameunganisha chochote. Alitaka A-Cheng mwenyewe ailaze prosesa pale, kama alivyotaka kufanya Jumamosi ile.

A-Cheng alitabasamu tabasamu la karani. "Mama, umejisumbua bure." Akautoa ubao, akaugeuza. Alipoona namba, tabasamu likaondoka, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Siok-hun akauona uso wa mwanawe wenyewe. Ulikuwa umezeeka.

"Haikuwa kiwanda," akasema haraka, kabla uso haujafungwa tena. "Ule ubao. Haukuja mbovu. Ni mimi, kwa kidole changu hiki. Ulikuwa masomo ya ziada."

"Najua."

"Unajua toka lini?"

"Toka Jumamosi ile, Mama. Pini zilikuwa zimelala duara, upana wa gumba. Ningekosaje kujua?"

Nje watoto wa A-Khim walikuwa wanalipua fataki kabla ya wakati, na mama yao anawatukana.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuletea jikoni." Aliongea taratibu, bila hasira, na hilo likawa gumu zaidi. "Nilikuletea ili useme wewe. Nikangoja. Kila mwaka nikija nilijua mwaka huu atasema. Nadhani nilingoja mpaka nikawa na miaka kama ishirini. Halafu siku moja nikagundua singoji tena. Sikuamua, Mama. Iliisha tu, kama unavyosahau njia ya mahali usipokwenda."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe zamani." Akaurudisha ubao kwenye mfuko wake wa plastiki, polepole, kama mtu anayejua thamani yake. "Lakini hii sina pa kuiweka. Chumba changu ni kidogo, kazini wamenipa kompyuta ya kubeba. Michezo niliacha chuoni. Mpe mtoto wa A-Khim."

Walikaa mpaka fataki za kweli zikaanza. A-Cheng akaosha vyombo. Kesho yake saa sita akaaga, akapunga mkono kutoka mlangoni. Siok-hun akampungia pia.

Maboksi hakuyapeleka kwa A-Khim. Siku ya tatu ya mwaka, mchana, aliyafungua mezani. Kumbuka kwamba miaka ishirini na miwili alikagua soketi, ila kulaza prosesa ilikuwa kazi ya meza nyingine. Hakuwahi kufanya hata mara moja. Akainua mkono mdogo wa chuma ulio kando ya soketi. Akatafuta pembe yenye alama, akailaza prosesa juu ya pini bila kuisukuma, na jicho la kushoto likimwonyesha prosesa mbili.

Kilichobaki ni kuushusha ule mkono wa chuma. Unahitaji nguvu, na ukiubana unalia krrr, kana kwamba unavunja kila kitu kilicho chini yake. Kho alikuwa amemwonya dukani: usiogope, ndiyo sauti yake.

Akalishusha gumba. Akabana. Ukalia, na kifuniko cheusi kikaruka kikaanguka sakafuni. Prosesa ikakaa sawasawa, barabara, kila pini mahali pake.

Hapakuwa na kasha, wala waya, wala skrini, kwa hiyo haikuweza kuwashwa. Siok-hun alibaki ameketi mbele ya ubao, gumba bado liko juu ya chuma, kama vile akiliondoa tu kitafunguka.